Upande wa baba una mkono wake: maswali kuhusu kubalehe, mimba na panya wa maabara

Binti yangu ana miaka saba na ameanza kuota matiti. Mama mkwe amekuja Nairobi kututembelea, ameona, sasa anasema hayo ni ya ukoo wetu, kwao hayapo. Ni kweli? (Mama, Umoja)

Mama, mpeleke kliniki wiki hii, ubishi wa koo utangoja. Msichana akionyesha dalili za kubalehe kabla ya kutimiza miaka minane anapaswa kuonwa na daktari wa watoto. Atapimwa urefu, atapigwa eksirei ya mkono kuona ukomavu wa mifupa, na atatolewa damu ya kupima homoni. Ikibidi, zipo sindano za kusitisha kubalehe mpaka umri ufike. Kwa wasichana wengi hakuna ugonjwa unaopatikana.

Sasa mama mkwe. Kwenye kromosomu ya 15 kuna jeni iitwayo MKRN3, ambayo ni breki: huzuia ubongo usianzishe kubalehe mapema. Kila mtu ana nakala mbili, ya mama na ya baba, lakini ya mama huwa imezimwa. Inayofanya kazi ni ya baba peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani na Brazil walichunguza familia 15 zenye tatizo hili, wakakuta hitilafu ya jeni hiyo katika familia 5, na waliobalehe mapema walikuwa wameirithi kwa baba zao. Baba akiipata hitilafu kwa mama yake haimdhuru, kwa sababu nakala ya mama imelala. Akimrithisha binti yake, hiyo ndiyo nakala inayotegemewa, na haifanyi kazi. Kwa hiyo kama chanzo ni hiki (na ni wachache wenye chanzo hiki), huenda kilipitia kwa mama mkwe mwenyewe. Si lazima umwambie mkiwa mezani.

Panya wanaingiaje hapa?

Ndiko jambo hili, la nakala ya mama na ya baba kutofanya kazi sawa, lilikoonekana waziwazi. Mwaka 1984, maabara za Cambridge na Philadelphia zilitengeneza viinitete vya panya vyenye kromosomu za upande mmoja tu. Vya mama watupu vilikuwa na kijusi kidogo na kondo duni. Vya baba watupu vilikuza tishu za kondo, kijusi kikadumaa. Hakuna kilichofikia kuzaliwa.

Mwaka 1999 ukaja mfano ninaoupenda zaidi, wa jeni ya Peg3, ambayo nayo hufanya kazi ikitoka kwa baba tu. Panya jike aliyerithi nakala mbovu kwa baba yake alipozaa alichelewa kujenga kiota, alizembea kuwarudisha watoto waliotawanyika, na maziwa yalitoka kwa shida. Malezi ya mama, yakiongozwa na jeni ya babu wa watoto! Lakini tusiruke: panya wa uzao mwingine walipojaribiwa baadaye, athari hiyo haikuonekana. Usimpime mama wa Kayole kwa panya.

Nilisafishwa mimba zabibu. Nimesikia ni "mbegu mbaya" ya mume wangu.

Pole sana, dada. Si kosa la yeyote. Mimba zabibu kamili hutokea yai lisilo na kromosomu zake linaporutubishwa; mbegu moja hujirudufu, au mbili huingia pamoja. Kromosomu zinatimia 46, zote za baba, na matokeo yanafanana na ya wale panya wa 1984: tishu za kondo zinavimba kama vishada, mtoto hayupo. Kilicho muhimu kwako ni kliniki za baadaye. Homoni ya mimba lazima ipimwe mara kwa mara mpaka ishuke kabisa, na utumie uzazi wa mpango hadi daktari akuruhusu, kwa sababu masalia yanaweza kugeuka saratani, ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri.

Mama yangu ni mzima, ila shangazi zangu wawili walifariki kwa saratani ya matiti wakiwa vijana. Hilo linanihusu?

Linakuhusu. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, hazina upendeleo kama zile za juu: baba mwenye hitilafu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, hata kama yeye hajaugua. Fomu nyingi huuliza mama na dada, na hapo shangazi wanasahaulika. Mwambie daktari umri waliogunduliwa, na uliza pia kama kwa baba kuna aliyeugua saratani ya ovari.