Kuonyesha filamu shuleni Uingereza: tunayoambiana na ilivyo kweli

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, watoto wa darasa la nne wamekaa chini ukumbini, kila mmoja na bisi zake kwenye kikombe cha karatasi, taa zimezimwa, projekta inawaka, na mwalimu mmoja kijana ananisogelea ananiuliza kwa sauti ya chini kama hii kitu inaruhusiwa au tutakuja kupata kesi. Mi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya serikali hapa England na hilo swali nimeshaulizwa mara nyingi sana, na wazazi na walimu wenzangu Waswahili huku ndo wanaliuliza zaidi, halafu kwenye magrupu ya WhatsApp tunapeana majibu ya kubahatisha. Kwa hiyo ngoja niyapitie yale ninayoyasikia kila siku.

"DVD nimenunua kwa hela yangu, naonyesha ninapotaka"

Hii ndo inaongoza. Ulichonunua ni ile sahani pamoja na ruhusa ya kuangalia nyumbani kwako na watu wako, basi. Haki ya kuionyesha mbele za watu ni kitu kingine na inabaki kwa mwenye filamu. Siku moja usiyarushe yale maandishi yanayotokea mwanzoni kwenye DVD za Uingereza, yasome taratibu, nyingi zinataja kabisa sehemu ambazo ruhusa yako haifiki: klabu, mabasi ya safari, hospitali, mahoteli, mitambo ya mafuta baharini, magereza, na shule. Shule imetajwa waziwazi. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea vibanda umiza, mtu ana TV yake na deki yake, anapanga mabenchi, anakusanya hela mlangoni, ndo maana kichwani mwetu CD ni kama jembe, ukishalinunua hakuna wa kukuuliza unalima wapi.

"Kama ni hivyo basi shuleni ni marufuku kabisa"

Hapana, na hapa ndo roho inaniuma, maana nimeona mwalimu anakata filamu ya saa mbili inabaki dakika tano kwa sababu ya woga tu, watoto hawaelewi wametokea wapi wanaenda wapi. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 34, inasema ukionyesha filamu au kipindi cha TV shuleni kwa ajili ya kufundisha, na walioko mle ni wanafunzi, walimu na watu wanaohusika moja kwa moja na shughuli za shule, hiyo haihesabiwi kuwa umeonyesha hadharani. Huhitaji leseni. Somo la wiki hii ni vita ya 1914, unaweka filamu ya vita ya 1914, iangalieni yote mpaka mwisho.

Cha kushika hapo ni mambo mawili, mnaangalia kwa ajili gani na nani yumo chumbani. Ile ya Desemba na bisi sio kufundisha, ni burudani, hata kama mwalimu amesimama pale mbele. Na wazazi sheria imewataja kabisa, kwamba kuwa mzazi wa mwanafunzi peke yake hakukufanyi uwe mtu anayehusika moja kwa moja na shule, kwa hiyo mkialika familia jioni waje kuangalia na watoto ile kinga ya kifungu cha 34 haipo tena, mnahitaji leseni.

"Hatuchukui kiingilio kwa hiyo hakuna kosa"

Kiingilio sio kipimo. Bure au kwa hela, kama ni burudani mbele za watu ruhusa inahitajika.

"Wizara imeshalipa kila kitu"

Hii ni nusu kweli na ndo inawachanganya wengi. Kwa shule za serikali za England, Wizara ya Elimu inalipia kwa mkupuo leseni kadhaa za hakimiliki, na ndani yake zimo za Filmbankmedia na MPLC, kampuni mbili zinazotoa leseni kwa niaba ya studio za filamu, ambazo ndo zinaruhusu filamu za burudani, zile za mwisho wa muhula na klabu za filamu. Kwa hiyo yule mwalimu nilimwambia atulie, filamu yetu ilikuwa kwenye orodha, watoto waendelee na bisi zao. Ila shule za binafsi zinajilipia zenyewe, na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana utaratibu wao, usichukue wa England ukaupeleka kule.

Halafu leseni hizo hazifuniki kila filamu duniani, kila kampuni inawakilisha studio zake, lazima uangalie jina la filamu kabla hujatangaza. Na kamati ya wazazi ikianza kuuza tiketi na kubandika matangazo nje ya geti, msijiaminishe kwamba ile leseni ya jumla inatosha, kuna leseni ya filamu moja moja kwa shughuli za namna hiyo, ulizeni kwanza.

"Tuna ERA, kwa hiyo TV tumemaliza"

ERA ni leseni ya kurekodi vipindi vya TV na redio kwa ajili ya masomo, BBC, ITV, Channel 4 na wenzao, mkatunza mkatumia hata miaka ijayo. Kila mnachorekodi kiandikwe jina la kipindi, kituo, tarehe ya kurekodi na maelezo kwamba ni kwa matumizi ya elimu chini ya leseni ya ERA, na hili la kuandika ndo linasahaulika sana. Tangu sheria irekebishwe 2014 mwanafunzi anaweza pia kuangalia akiwa nyumbani kwa kuingia na nywila ya shule. Lakini leseni ya kuangalia TV inayorushwa moja kwa moja ni nyingine kabisa, mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, wizara haiilipii, na tangu Septemba 2016 hata iPlayer, ile huduma ya BBC ya kuangalia vipindi mtandaoni, inaihitaji. Nimekuta ofisi ya shule wana barua zote mbili kwenye faili moja wakidhani ni kitu kimoja.

"Netflix nalipia kila mwezi"

Unalipia akaunti ya matumizi binafsi, na ERA haiifuniki Netflix. Wenyewe Netflix wameruhusu baadhi ya filamu zao za makala (documentary) zionyeshwe kwa elimu, bila biashara, na ruhusa imeandikwa kwenye ukurasa wa ile makala. Kama haijaandikwa, masharti ya akaunti yako hayakupi ruhusa ya kuifungua darasani.

Na wale wanaosoma maelezo ya Marekani wakayaleta huku, au wakayapeleka Dar, kila nchi ina sheria yake. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, mwalimu wa Mbagala haendi na kifungu cha 34 cha Uingereza.

Nimalizie na hili. Mwaka juzi wiki ya tamaduni mama mmoja wa Kitanzania alitaka tuonyeshe filamu ya Kiswahili, anasema si leseni ipo. Nikatafuta kwenye orodha zote mbili, ya Filmbankmedia na ya MPLC, haipo, na wengi wetu tungesema nani atajua, iko YouTube hiyo, lakini hawa ndo watu ambao kazi zao zimekopiwa na kuuzwa mitaani miaka yote tunaona. Tukamtafuta mwenye filamu, tukamwandikia ni shule gani, siku gani, watoto wangapi. Akajibu kesho yake kwa meseji ya sauti, anasema ameruhusu, na kwamba tangu aanze kazi hii ndo mara ya kwanza mtu anamuomba. Nikamuomba aandike, akaandika mistari miwili, tukaiprinti ikakaa kwenye faili. Yeye alichoomba ni picha tu ya watoto wakiangalia, tukampigia kwa nyuma ili sura zisionekane, vichwa sitini na filamu yake ukutani.