Nguruwe 40 wa Rochester na kifo cha mfalme

Nikianza kufundisha habari za kuzingirwa kwa ngome za Ulaya ya zama za kati, wanafunzi husubiri ngazi, mapanga na mishale. Mimi huanza na nguruwe, kisha nahamia chooni, kwa sababu huko ndiko vita vingi vilikoamuliwa.

Twende Rochester, kusini mashariki mwa Uingereza, Oktoba 1215. Mabaroni (makabaila wenye ardhi na askari) walioasi wameishika ngome, na Mfalme John amekuja kuichukua. Mnara wake mkuu una urefu wa karibu mita 34, na kuta zake ni nene kuliko urefu wa mtu. Mitambo ya kurushia mawe ilipiga usiku na mchana, haikufua dafu. Ndipo mfalme akaleta wachimbaji.

Kazi yao ilikuwa ya kutisha. Wanaingia chini ya msingi wa kona moja ya mnara, wanachokoa jiwe baada ya jiwe, na penye pengo wanasimamisha nguzo ya mti ili ukuta usiwafukie. Siku zinapita, mpaka kona nzima inakuwa imekalia miti mitupu. Kilichobaki ni kuichoma miti hiyo na kukimbia. Lakini chini kule hewa ni haba, ardhi ina unyevunyevu, na gogo nene halishiki moto kwa urahisi; aliyewahi kupika kwa kuni mbichi wakati wa masika ananielewa. Moto ulihitaji mafuta. Tarehe 25 Novemba John alimwandikia mkuu wa serikali yake, Hubert de Burgh, amletee upesi, usiku na mchana, nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kwa kuliwa, ili wawashie moto chini ya mnara. Kona ya kusini mashariki ikaporomoka.

Waliokuwa ndani hawakusalimu amri. Mnara ule umegawanywa katikati kwa ukuta mwingine mnene, basi wakarudi nyuma yake wakaendelea kupigana huku wakila nyama ya farasi wao. Kilichowatoa ni njaa, tarehe 30 Novemba. Ukiutazama mnara huo leo, kona tatu ni za mraba na ya nne ni ya mviringo, maana ilijengwa upya baadaye. Kwangu mimi kona ile inazungumza kuliko kitabu.

Haukupita mwaka, John mwenyewe akafa. Oktoba 1216, katika ngome ya Newark, aliuawa na kuhara damu.

Ugonjwa huu ndio adui ambaye hakuna handaki lililomzuia. Watu hudhani walioteseka ni wa ndani tu. Jeshi lililozingira nalo lilikaa mahali pamoja wiki nyingi: maelfu ya watu na farasi, vyoo karibu na maji ya kunywa, mizoga, nzi. Vijidudu vichache mno vinatosha kumwangusha mtu mzima, na mpishi mmoja mwenye mikono michafu anaweza kuwaangusha wenzake wote. Mwaka 1415 Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, aliuteka mji wa Harfleur, Ufaransa, baada ya kuuzingira takriban wiki tano, lakini kuhara damu kulimlazimu kurudisha wagonjwa wengi nyumbani kabla hajaendelea na safari.

Wengi huniuliza kuhusu Caffa, kule Crimea, mwaka 1346, ambako inasemekana jeshi la Jani Beg, mtawala wa Wamongolia, lilirusha maiti za waliokufa kwa tauni ndani ya mji. Aliyeiandika habari hiyo, Gabriele de' Mussi wa Piacenza, hakuwepo. Huenda maiti zilirushwa kweli, ila panya na viroboto waenezao tauni hawakuhitaji kurushwa ili wapite ukutani.

Kwetu pwani kisa kama hiki kilitokea Mombasa, ingawa ni karne kadhaa baadaye. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu (Fort Jesus), iliyokuwa ya Wareno, kuanzia Machi 1696. Mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza karibu Wareno wote waliokuwa ndani, hata ulinzi ukabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake wachache na Waafrika waliokuwamo, wengi wao wanawake. Wakaishikilia ngome mpaka msaada ulipofika Septemba. Ilianguka Desemba 1698.