Je, wajua kwamba rafiki kwenye kiti cha mbele humponza dereva kijana?

Gari ni lile lile na barabara ni ile ile, ila kilichobadilika ni aliyekaa pembeni. Uchunguzi wa AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, uliotolewa 2012 uliwaangalia madereva wa miaka 16 na 17. Wakibeba abiria mmoja wa chini ya miaka 21 bila mtu mzima garini, hatari ya dereva kufa kwa kila maili ilipanda kwa asilimia 44. Kwa abiria wawili ilikuwa mara mbili, na kwa watatu au zaidi mara nne. Lakini akiwamo mtu wa miaka 35 au zaidi, ilishuka kwa asilimia 62.

Leseni za ngazi kwa ngazi zinajengwa juu ya jambo hilo. New Zealand ilizianzisha 1987. Huko mwanafunzi huendesha akiwa na msimamizi mwenye leseni kamili ya miaka 2 au zaidi, kisha hupata leseni ya kati. Hii humruhusu kuendesha peke yake, ila bila msimamizi kwa kawaida habebi abiria wala haendeshi kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri. Leseni kamili huja mwisho.

Uganda hatuna hiyo ya katikati. Kuna permiti ya mwanafunzi, yenye kibao cha L, na permiti kamili kuanzia miaka 18. Ukishaipata hiyo ya pili, sheria haikuzuii kujaza gari marafiki na kushika njia ya Masaka usiku huo huo.

Kasoro iko hapo. Anayejifunza hupata ajali chache kwa sababu mtu wa pembeni anafanya nusu ya kazi: ndiye anayeona boda ikijipenyeza kushoto na kusema "pole pole". Siku anaposhuka, nusu ile ya kazi haina mwenyewe, na miezi ya kwanza ya kuendesha peke yako ndiyo yenye ajali nyingi kuliko yote. Klachi na gia mtu huzizoea kwa wiki chache. Macho ndiyo huchelewa. Dereva mpya hutazama mita chache mbele ya boneti, wakati mzoefu hutazama sekunde 12 mbele, yaani karibu mita 165 kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Akiona mkono wa kondakta ukitokeza dirishani mwa taksi, anajua itasimama, na mguu wake tayari umeacha mafuta. Mgeni husubiri taa za breki, kama zipo.

Usiku hesabu ni kali zaidi. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33, kisha breki nzuri kwenye lami kavu inahitaji nyingine kama 35. Jumla 68. Taa za chini humulika mita 40 hadi 60. Kwa hiyo lori lililoharibika ndani ya msitu wa Mabira, ambalo onyo lake ni matawi tu yaliyotupwa barabarani, utaliona ukiwa huwezi tena kusimama. Kwa kilomita 60, umbali wote ni kama mita 45.

Ngazi ya kati inaweza kuwekwa na mwenye funguo nyumbani. Kwanza saa 50 za mazoezi pamoja na mtu mzima, 10 kati ya hizo usiku, kama majimbo mengi ya Marekani yanavyodai. Kwa saa 3 kila wiki ni karibu miezi 4. Ziandikwe daftarini: tarehe, njia, mvua au jua. Anzeni mitaani Jumapili asubuhi, ndipo mwende kwenye mizunguko na foleni za Kampala, na njia kuu zije mwisho. Msizunguke mtaa mmoja mara mia mkadhani mmefika.

Baada ya permiti, miezi 6 bila abiria wa rika lake na bila kuendesha baada ya saa 3 usiku. Ndugu wadogo nao ni abiria, ingawa wazazi wengi huwasahau. Simu ikae buti, maana kuitazama kwa sekunde 2 tu kwa kilomita 80 ni mita 44 za kwenda bila macho.

Akivunja sharti, arudi kuendesha na mtu mzima kwa wiki 4. Na kama ameshikwa na usiku mbali na nyumbani, apige simu achukuliwe bila kugombezwa usiku ule. Akiogopa kelele, atawasha gari.