Je, wajua? Chujio la hewa la pikipiki hunasa vumbi dogo kuliko matundu yake

Muulize mwendesha bodaboda yeyote chujio la hewa lina kazi gani, atakujibu sawasawa: kuzuia vumbi lisiingie kwenye injini. Muulize linazuiaje, na wengi watakutajia chekecheke: chembe kubwa kuliko tundu inabaki nje, ndogo inapita. Dhana hiyo si sahihi, na ndiyo inayowafanya watu wachague vibaya wanaponunua chujio la kuchukua nafasi ya lile lililokuja na pikipiki. Hulinyanyua, hulitazama kwenye mwanga, na wakiona matundu hulirudisha. Au hufurahi kuona matundu, kwa kuamini kwamba injini itapumua vizuri.

Ukweli ni kwamba nafasi zilizo kati ya nyuzi za karatasi ya chujio mara nyingi ni pana kuliko chembe inazozinasa. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe ya maikroni 10 ingejipitia tu kama kazi ingekuwa ya kuchekecha. Kwa kawaida haipiti, na ni heri, maana chembe za ukubwa huo ndizo zinazokula ringi na silinda: zinaenea katika utando mwembamba wa oili, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kila lita 1 ya petroli inahitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue. Kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, hilo ni vumbi jingi.

Sasa, inanaswaje? Hewa ikifika kwenye uzi hujipinda, huuzunguka na kuendelea na safari. Chembe ina uzito, na uzito haupendi kona. Fikiria lori lililojaa saruji likishuka mlima Kitonga wenye kona kali kwa kasi: gari dogo linakata kona, lori linasukumwa na mzigo wake moja kwa moja hadi nje ya barabara. Hewa ndiyo gari dogo, chembe ndiyo lori, na uzi ni ukuta uliojengwa pale nje ya kona. Chembe ikiponea kona ya kwanza inakutana na nyingine, kwa kuwa nyuzi zimelala tabaka juu ya tabaka. Chembe ndogo sana, za takriban maikroni 0.1 au chini ya hapo, hazina uzito huo. Zenyewe hutikiswa huku na huko na molekuli za hewa hadi baadhi zigonge uzi na kushika. Zinazosumbua zaidi ni za katikati, nyepesi mno kwa njia ya kwanza na nzito mno kwa njia ya pili.

Lakini lori likigonga ukuta linaweza kudunda na kurudi barabarani. Hiyo ndiyo sababu machujio ya sponji na ya pamba hupakwa oili: oili hushika kinachogonga. Chujio la sponji lililofungwa likiwa kavu baada ya kuoshwa limepoteza sehemu kubwa ya kazi yake, hata kama linang'aa kwa usafi.

Na hapa pana ajabu ninayoipenda kuliko zote: chujio la karatasi lenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko jipya kabisa. Kila chembe iliyonaswa inakuwa kizuizi kipya cha kunasa nyingine. Gharama yake ni hewa kupita kwa shida zaidi, kwa hiyo siku ya kulibadilisha inafika tu. Ila kulipuliza kwa kompresa kila mara unapopita gereji hakulisaidii. Upepo mkali unaweza kuchana karatasi, na mchano hauonekani kirahisi.

Machujio ya pamba yenye oili, kama ya K&N, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1969, hupitisha hewa kwa urahisi na huoshwa na kutumika tena. Kwa injini ya cc 125 au 150 yenye kabureta na egzosi zake za awali, usitarajie nguvu nyingi mpya. Ukiondoa boksi zima la hewa na kufunga chujio la koni kwenye mdomo wa kabureta, mara nyingi hewa huzidi mafuta, injini huchemka, na fundi atalazimika kubadilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli.

Pakiti ikidai asilimia 99, uliza ni 99 ya vumbi gani. Kipimo cha ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kupima machujio ya hewa ya injini, hutumia vumbi maalumu lenye asili ya Arizona, laini au la chembe kubwa. La chembe kubwa hunaswa kirahisi, kwa hiyo namba yake hupendeza zaidi.

Mimi ningeanza na ukingo. Chujio bora lisilokaa sawasawa kwenye boksi ni baya kuliko la kawaida linalobana, kwa sababu hewa hufuata upenyo. Baada ya kulitumia kwa muda, lifungue na upitishe kidole kisafi ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Kikitoka na vumbi, kagua ukingo na klampu kwanza, na kama vyote vinabana, lirudishe dukani.