Nani kakwambia mbegu ya mahindi "imefungwa"?

Kila mvua za Machi zikikaribia, na tena Agosti, lalamiko ni lilelile hapa Uganda, kutoka Masindi mpaka Iganga: kampuni zimeitia mbegu dawa, ukiirudia haizai, ili ulazimike kununua. Dawa hiyo haipo. Chukua punje ulizovuna za Longe 10H, mahindi chotara, uzipande: zitaota vizuri tu, na hapo ndipo mkulima anapoponzeka.

Mbegu chotara iliyo rahisi kabisa hutokana na wazazi wa koo mbili, kila ukoo umejichavusha wenyewe vizazi kadhaa hadi mimea yake ikafanana kama mapacha, tena dhaifu. Kwenye shamba la mbegu, mmea mama hung'olewa mbelewele, ua lake la dume, kabla haijamwaga chavua, uchavushwe na ukoo wa baba peke yake. Mtoto anayezaliwa huwashinda wazazi wote wawili. Lakini watoto hao wakichavushana shambani kwako, tabia zinachanganyika upya: shina moja refu, jingine fupi, hili linachanua wiki nzima kabla ya jirani yake, lile lina gunzi lenye mapengo. Chotara ya wazazi wawili hupoteza takriban nusu ya nguvu yake ya ziada katika kizazi kimoja tu. Palizi na mbolea, gharama ni ileile.

Kwa hiyo soma jina kwenye mfuko. Katika jamii ya Longe, H mwishoni ni chotara: nunua kila msimu. Longe 5, ile mnayoiita Nalongo, haina H. Ni mbegu ya uchavushaji huria, unaweza kuirudia misimu mitatu hivi, lakini kwa kazi. Shamba liwe mbali na mahindi mengine mita 200 au zaidi, au lipishane nayo kupanda kwa wiki nne. Weka alama mimea isiyopungua 200 katikati ya shamba ingali mibichi, isiyo na ugonjwa wala kuanguka; hiyo ndiyo ya mbegu. Kuokota mahindi manene ghalani si kuchagua mbegu! Huenda hindi lilinenepa kwa sababu liliota penye samadi, na mama yake hukumwona.

Rangi nyekundu au kijani ya punje nayo si GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabarani. Ni alama ya dawa ya wadudu na ukungu, isije ikapikwa posho (ugali). Mahindi ya GMO hayajaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wa Uganda.

Wengine husema: "Mbegu bora haitaki mbolea." Inataka kuliko ya kienyeji, maana inazaa zaidi. Weka mbolea ya DAP wakati wa kupanda, yurea mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu.

Punje tatu kwa shimo "kwa usalama" ni hasara tupu. Sentimita 75 kwa 30, punje moja, ni mimea kama 18,000 kwa ekari. Kilo 10 zinatosha.

Na kwamba mbegu zote za dukani ni bandia? Bandia zipo, hilo halina ubishi. Tafuta lebo ya buluu ya mbegu iliyothibitishwa, tunza risiti, na siku kumi kabla ya kupanda funga punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Hesabu siku ya saba. Zikiota chini ya 85, rudisha mfuko dukani kabla hujaumaliza.