Mtunzi wa dansi si lazima ahamie Ulaya
Wengi huamini kwamba mtunzi wa dansi ya kisasa kutoka Afrika hapati jina mpaka ahamie Ulaya. Maisha ya Faustin Linyekula, aliyezaliwa nchini Kongo mwaka 1974, yanaipinga dhana hiyo. Baada ya kusomea fasihi na tamthilia mjini Kisangani, alishiriki kuanzisha kundi la dansi la Gàara jijini Nairobi mwaka 1997, akiwa pamoja na Mkenya Opiyo Okach; mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako, kituo cha dansi na tamthilia, mjini Kinshasa na baadaye, jambo ninaloliona zito kuliko majukwaa yote ya ugenini, akaihamishia kazi hiyo Kisangani, ambako Kiswahili na Kilingala husikika mitaani na ambako vijana hupata mafunzo ya sanaa. Yeye huenda Ulaya kuonyesha kazi zake, kisha hurejea.