Mguu uliolegea ghafla: maswali ya watoa huduma wa Dar es Salaam kuhusu polio

Si tuliambiwa polio imekwisha?
Tanzania ilimwona mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili mwaka 1996, na Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa huru na kirusi hicho. Lakini Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza Lilongwe, kirusi chake kikiwa na asili ya Pakistan. Msumbiji ikafuata mwaka huohuo. Mwaka 2023 ikawa zamu yetu: Rukwa, polio aina ya 2 (moja ya aina 3 za kirusi hiki) itokanayo na kirusi cha chanjo.

Kirusi cha chanjo? Mama akiniuliza nimjibu nini?
Mweleze ukweli wote. Matone ya chanjo ya mdomoni yana kirusi kilichodhoofishwa, na mtoto hukitoa kwa choo wiki kadhaa. Penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi hicho hupita toka mtoto hadi mtoto, kikibadilika, mpaka siku kinarudisha uwezo wa kupoozesha. Wakichanjwa wote, kinakosa pa kupita.

Rukwa ni mbali. Temeke inatuhusu nini?
Mabasi ya Sumbawanga na Tunduma hushusha abiria Mbezi kila siku. Kati ya watu 200 walioambukizwa, takriban 1 tu hupooza. Waliobaki wanatembea, wanacheza, na wengi wao hawajijui. Nanyi mnajua masika yanavyofurisha vyoo vya bonde la Msimbazi.

Mtoto analegea mguu, mama anasema ni sindano aliyochomwa. Nimtibu, basi?
Hapana, na hapa naomba usome taratibu. Huna haja ya kuwa na uhakika kwamba ni polio. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla anaripotiwa siku hiyohiyo kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, hata kama wewe unaona ni mishipa ya fahamu iliyoguswa na sindano. Tukisema "ni sindano tu" tukamrudisha nyumbani, kirusi kinabaki mtaani bila mtu kujua.

Chukua sampuli 2 za choo, zipishane kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, maana baadaye kirusi hupungua kwenye choo. Zihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8. Siku 14 zimepita? Chukua hata hivyo. Baada ya siku 60 mtoto apimwe tena kama udhaifu umebaki. Na sindano zisizo za lazima tuziache: kwa mtoto ambaye tayari ana kirusi, zinaweza kuchochea kupooza.

Dawa ipo?
Haipo. Kuna mazoezi ya viungo, na msaada wa kupumua misuli ya kifua ikishindwa.

Kadi ya kliniki imepotea. Nimpe chanjo tena?
Mpe. Matone hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, na sindano ya polio wiki ya 14. Usiiruke sindano hiyo: tangu Aprili 2016 matone ya kawaida hayana aina ya 2, sindano ndiyo inayo. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto.